Maziwa ya kopo Kisangani: tunaomba maabara, tunahitaji daftari

Kopo la maziwa ya mtoto mchanga halina njia ya mkato ya kufika Kisangani. Likitoka Kinshasa linapandisha mto kwa zaidi ya kilomita 1,700, limepangwa ndani ya tishari au boti ya mbao ile tunayoiita baleinière, pamoja na saruji, chumvi, sabuni na abiria, wiki kadhaa juani na mvuani. Likitoka upande wa Mombasa na Kampala linaingia nchini kupitia Kasindi, linapita Beni, Komanda, Mambasa, Niania na Bafwasende kwa Barabara ya Taifa namba 4, ambako dereva huulizia kwanza habari za waasi wa ADF, ndipo aulizie matope. Likija kwa ndege linashuka uwanja wa Bangoka, lakini bei yake inabaki angani.

Mwisho wa safari ni uleule: rafu ya duka la dawa katika Makiso, kibanda cha Mangobo, au meza ya mbao Soko Kuu, kati ya biskuti na sukari. Mama, au bibi aliyeachiwa mjukuu, anafika na fedha yake iliyohesabiwa. Anauliza bei. Akiwa makini anauliza na tarehe. Muuzaji anamjibu, "Mama, mzigo umeingia juzi kutoka Butembo," kana kwamba Butembo ni kiwanda. Namba iliyopigwa chapa chini ya kopo haiulizwi na yeyote, na makala haya yanaihusu namba hiyo.

Kisheria, mlinzi wa kopo yupo. Office Congolais de Contrôle, OCC, ilizaliwa tarehe 10 Januari 1974 kwa jina la OZAC, enzi za Zaire, na kazi yake ni kukagua ubora na kiasi cha bidhaa zinazoingia na kutoka. Mwaka 2006 iliingia mkataba na Bivac, kampuni ya kundi la Bureau Veritas, ili mizigo ikaguliwe hukohuko inakotoka kabla ya kupakiwa. Mpakani wapo pia maofisa forodha wa DGDA na watu wa usafi wa mipaka kutoka Wizara ya Afya. Dawa zina mamlaka yake, ACOREP. Lishe ina programu yake, PRONANUT. Mkoani ipo Divisheni ya Afya ya Tshopo. Kila ofisi ina muhuri wake, na ukitaka kuhesabu mihuri utachoka.

Ila maziwa ya mtoto yana tabia ya kuanguka katikati ya mihuri hiyo. Duka la dawa huyauza kama dawa, soko huyauza kama chakula, forodha huyaona kama bidhaa ya kulipiwa ushuru tu. Halafu kuna ukubwa wa mzigo. Ukaguzi wa kabla ya kupakiwa ulitungwa kwa ajili ya kontena, na mfanyabiashara mdogo wa hapa haleti kontena la maziwa. Anakwenda Butembo au Kampala, ananunua katoni mbili za maziwa, tano za biskuti, robota la nguo, anachanganya vyote na vya wenzake kwenye lori moja. Mpakani lori lile linapita kama lori la vyakula. Nani atapekua katoni mbili?

Kila inapovuma habari ya maziwa mabaya duniani, hapa kwetu husikika dai lilelile: Kisangani ipewe maabara yake. Chuo Kikuu cha Kisangani kina wanakemia na wanabiolojia, mkoa wa Tshopo unazizidi kwa eneo Rwanda na Burundi zikiunganishwa, tena zaidi ya mara tatu, kwa nini basi sampuli zisubiri Kinshasa? Dai hili lina heshima yake na sitalicheka. Lakini tulipigie hesabu kwanza.

Codex Alimentarius, tume ya viwango vya chakula ambayo FAO na Shirika la Afya Duniani waliiunda mwaka 1963, ina kiwango cha maziwa ya watoto wachanga tangu 1981. Mwaka 2008 iliongeza kanuni za usafi kwa yale ya unga. Kanuni hizo zinataja bakteria wawili wa kutafutwa katika unga ulio tayari kuuzwa: Salmonella na Cronobacter. Kwa Cronobacter, kila loti, yaani mkupuo mmoja wa uzalishaji, hutolewa sampuli 30 za gramu 10. Kwa Salmonella ni sampuli 60 za gramu 25. Isikutwe hata moja yenye kimelea. Jumlisha: gramu 300 na gramu 1,500, kilo 1.8 za unga, zaidi ya makopo manne ya gramu 400. Na kwa kuwa bakteria hawakai sawasawa ndani ya unga, bali hujibanza pembe hii na kukosekana ile, sampuli zinatakiwa zitoke sehemu mbalimbali za loti. Ukitaka kila moja itoke kwenye kopo lake, kwa Salmonella peke yake unafungua makopo 60.

Mfanyabiashara wetu ana katoni mbili. Ukimpima kwa haki unammalizia bidhaa yote, na bado hujajua lolote juu ya katoni mbili za jirani yake, ambazo huenda ni za loti nyingine, kiwanda kingine, hata bara jingine. Kipimo hiki kilitungwa kwa mlango wa kiwanda, mahali ambapo tani kadhaa za loti moja zimekaa pamoja zikisubiri ruhusa ya kutoka. Kikiletwa Soko Kuu la Kisangani kinakuwa mchezo wa bahati nasibu, tena wenye gharama.

Sisemi hivyo kwa kuwadharau bakteria hao. Wazazi wengi hawajaambiwa kwamba unga wa maziwa ya mtoto si tasa, hata unapotoka kiwandani ukiwa na muhuri wake wa fedha ambao haujaguswa. Cronobacter huvumilia ukavu kwa miezi mingi, amelala ndani ya unga, na huamka anapopata maji ya uvuguvugu. Mtu mzima mwenye afya akimmeza kwa kawaida hasikii kitu. Mtoto wa wiki chache, hasa aliyezaliwa njiti, anaweza kupata maambukizi ya damu, homa ya uti wa mgongo au kuoza kwa utumbo. Mwaka 1998, katika hospitali moja ya Brussels, watoto 12 walipata ugonjwa huo wa utumbo uliohusishwa na maziwa ya unga, na pacha wawili wakafa. Hospitali ile ilikuwa na maji safi, umeme wa saa 24 na wauguzi waliosomea kazi yao.

Hata mlango wa kiwanda wenyewe huvuja. Desemba 2017 kampuni ya Lactalis ya Ufaransa ilianza kuondoa sokoni maziwa ya kiwanda chake cha Craon, huko Mayenne, baada ya watoto kuugua Salmonella ya aina ya Agona. Iliondoa loti chache, kisha mamia, kisha zote. Januari 2018 mkuu wa kampuni, Emmanuel Besnier, alisema nchi 83 zinahusika na makopo ni zaidi ya milioni 12. Baadaye Institut Pasteur ilionyesha kwamba bakteria wale walikuwa wa ukoo mmoja na wale waliowaambukiza watoto mwaka 2005 kwa maziwa ya kiwanda hichohicho. Kumbe muda wote huo adui alikuwa ndani ya jengo, na vipimo vya kiwanda vilikuwa vikiendelea kama kawaida.

Katika kisa cha Craon, kinachonikera kuliko vyote ni kilichofuata. Amri ya kuondoa makopo ilikwisha kutolewa, na bado maduka makubwa ya Ufaransa yakakutwa yanayauza. Leclerc peke yake ilikiri kuuza makopo 984 baada ya amri. Hiyo ni nchi ambayo kila kopo hupita mbele ya mashine ya kusoma msimbo, na mashine ina uwezo wa kulikataa. Sasa fikiria loti ileile imeshavuka bahari, imeshuka Mombasa au Matadi, imegawanywa mara nne na kufika Lubunga, ng'ambo ya mto, kwa mtumbwi.

Visa havikuishia hapo. Februari 2022 kampuni ya Abbott iliondoa sokoni maziwa ya kiwanda chake cha Sturgis, Michigan, kwa hofu ya Cronobacter, kiwanda kikafungwa, na Marekani, nchi tajiri kuliko zote, ikaagiza maziwa ya watoto kwa ndege za serikali. Mwanzoni mwa 2026 ikawa zamu ya Nestlé, iliyoondoa loti katika nchi nyingi kwa hofu ya cereulide, sumu inayotengenezwa na bakteria Bacillus cereus, iliyodhaniwa kuingia kupitia mafuta yanayochanganywa kwenye unga. Cereulide ina ubaya wa pekee: haiondoki kwa maji ya moto. Mama anaweza kuchemsha, kupoza, kuosha biberoni kwa sabuni, kufuata kila neno la muuguzi, na sumu ikabaki palepale. Kinga pekee ni kujua kwamba kopo lililo mkononi mwake ni la loti iliyotajwa.

Upo pia udhaifu mwingine wa maabara ambao wapenzi wake hawautaji. Maabara hujibu swali ililoulizwa, basi. China ililijua hilo kwa uchungu mwaka 2008. Wakusanyaji wa maziwa walikuwa wakiongeza maji, kisha wakatia melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki yenye naitrojeni tele. Kipimo cha kawaida cha protini hakiioni protini yenyewe. Hupima naitrojeni na kukadiria. Maziwa yaliyochakachuliwa yakafaulu mtihani, tena kwa alama nzuri. Watoto karibu 300,000 waliathirika, wengi kwa mawe ya figo, na sita walikufa kwa hesabu rasmi. Kampuni ya Sanlu ilifilisika, mkuu wake akafungwa maisha, na watu wawili wa biashara ile wakauawa kwa hukumu ya mahakama Novemba 2009.

Mkasa huo ulipita karibu na mlango wetu. Tanzania, kama nchi kadhaa za Afrika, ilipiga marufuku maziwa ya China. Marufuku ikiwa imeshatangazwa, kati ya Oktoba na Desemba 2008, mtafiti Dagmar Schoder wa Vienna alinunua sampuli 49 za maziwa ya unga Dar es Salaam, mji ambao ni lango la bidhaa za Burundi, Rwanda, Uganda na mashariki ya Kongo. Alinunua ya chapa zinazojulikana, akanunua na vifuko vidogo vya biashara isiyo rasmi. Baadhi ya sampuli zilikuwa na melamini, na kiwango cha juu kilifika miligramu 5.5 kwa kilo. Miaka miwili baadaye Codex iliweka ukomo wa miligramu 1 kwa unga wa watoto wachanga. Tanzania wakati ule ilikuwa na mamlaka kamili ya chakula na dawa, TFDA, na bandari inayojulikana. Bado unga wenye melamini ulikuwa unauzwa.

Vifuko hivyo Kisangani tunavifahamu. Muuzaji anafungua kopo kubwa au gunia, anachota kwa kijiko, anafunga kwa fundo ndani ya plastiki isiyo na maandishi. Kwa mwenye kipato cha siku kwa siku, ndiyo njia pekee ya kununua maziwa. Simlaumu. Lakini pale plastiki inapofungwa, historia yote ya unga ule inakatika: haina jina, haina tarehe, haina loti, na mara nyingi si maziwa ya mtoto mchanga hata kidogo, ni ya chai ya familia, yenye protini na chumvi ambazo figo za mtoto wa mwezi mmoja hazizimudu. Mkono uliochota umegusa noti, umegusa samaki. Hakuna kipimo cha Codex kinachoweza kumsaidia mtu baada ya hapo.

Basi chukua kopo lililofungwa, uligeuze. Chini yake, au kwenye ukingo wa bati, utaona mistari miwili mitatu ya nukta ndogo za wino, inayofutika kwa kidole chenye mafuta: tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya mwisho, na msururu wa herufi na tarakimu ulioandikwa baada ya neno "lot" au herufi L. Upande wa pembeni pana Kifaransa, Kiingereza au Kiarabu, kutegemea kopo lilikusudiwa soko gani kabla ya kuja kwetu. Kuna picha ya dubu au ndege. Maagizo ya kukoroga yameandikwa kwa herufi ndogo kuliko jina la kampuni. Katika kopo zima, ule msururu wa nukta ndio pekee unaoliunganisha na siku fulani, mashine fulani na chumba fulani cha kiwanda. Kampuni inapotangaza hatari huitaja kwa namba hiyo. Na ndiyo namba ambayo hakuna duka, bohari wala ofisi mjini hapa inayoiandika mahali inapouza au kupitisha kopo.

Ndiyo maana nasema tunaomba kitu cha pili, maabara, kabla ya cha kwanza, daftari. Tangu 2004 upo mtandao wa INFOSAN, wa Shirika la Afya Duniani na FAO, unaopeleka kwa serikali taarifa za vyakula vya hatari vilivyovuka mipaka. Taarifa ikitumwa inafika Kinshasa. Tuseme Kinshasa inaipeleka siku hiyohiyo kwa ofisi za mkoa. Mkaguzi wa Kisangani ataifanyia nini? Hajui kama loti ile imewahi kuingia mjini. Hajui ni nani aliyeileta wala aliyeuziwa. Atazunguka maduka ya Makiso akigeuza makopo moja moja, na mitaa ya Mangobo, Kabondo, Tshopo na Lubunga itasubiri. Mpe maabara ya dola milioni, bado atakuwa anageuza makopo.

Daftari ni kitu cha bei ya daftari. Kasindi, bandarini na Bangoka, kila katoni ya maziwa ya watoto iandikwe chapa, loti, idadi na jina la mwenye mzigo. Muuzaji wa jumla naye aandike amemuuzia nani. Siku ya tangazo, simu kumi zinatosha. Najua pingamizi litakalokuja, na lina ukweli. Katika nchi hii daftari jipya mara nyingi huzaa kizuizi kipya, na kizuizi huzaa noti. Wafanyabiashara wanauita usumbufu huo tracasserie, na wakisikia neno "kuandikisha" hupita porini. Kwa hiyo uandikishaji huo usiwe na ada, usiwe na faini ya kosa la kwanza, na aliyeleta katoni zilizotajwa kuwa mbaya arudishiwe thamani au apewe cheti cha kumdai aliyemuuzia. Mtu hatasalimisha makopo 40 ili ashukuriwe tu.

Yapo mambo ambayo daftari haliyagusi, na kubwa kati yake ni maji. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2007 unasema unga ukorogwe kwa maji yasiyopungua nyuzi 70, ili kuwaua Cronobacter na Salmonella, kisha maziwa yapozwe haraka na kunywewa ndani ya saa mbili. Kwa vitendo: chemsha maji, yasikae zaidi ya nusu saa, koroga yakiwa bado ya moto sana, poza chupa kwa kuitumbukiza katika maji baridi, jaribu tone kwenye kifundo cha mkono. Kilichobaki kimwagwe. Mtoto mchanga hula mara nane kwa siku, zikiwamo za usiku. Kila mara ni mbabula, makaa, dakika za kungoja moto. Mitambo ya umeme ya maporomoko ya Tshopo, iliyojengwa enzi za Wabelgiji miaka ya 1950, ikikwama, mabomba ya REGIDESO, shirika la maji, nayo hukauka, na mji unarudi kwenye visima na mto. Mwaka 2025 Tshopo ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyopigwa na kipindupindu. Katika hali hiyo mama hukoroga kwa maji ya uvuguvugu yaliyobaki kwenye chupa ya chai, na huo ndio uvuguvugu anaoupenda Cronobacter.

Botswana iliwahi kulipa gharama ya somo hili. Serikali yake ilikuwa ikiwapa bure maziwa ya kopo akina mama wenye virusi vya UKIMWI, makopo halali kutoka viwanda halali, kwa nia njema. Mwanzoni mwa 2006, baada ya mvua kubwa kuchafua maji, kuhara kulienea na mamia ya watoto wakafa. Wachunguzi wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, walikuta kwamba waliolazwa walikuwa kwa wingi mno watoto wasionyonya. Unga haukuwa na kosa. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilibadili mwongozo wake na kuunga mkono kunyonyesha pamoja na dawa za kupunguza makali ya virusi.

Na kisiasa, kopo hili halikuja Kongo peke yake. Wabelgiji walikuwa na shirika la Goutte de Lait, lililowaandikisha na kuwapima watoto na kugawa maziwa, na nyuma ya wema ule palikuwa na hesabu: desturi yetu ya kunyonyesha miaka miwili mitatu, mama akikaa mbali na mume, ilionekana kupunguza uzazi, na koloni lilitaka wafanyakazi. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt, aliyeandika sana juu ya misheni ya Yakusu hapa jirani kwenye mto, alilichambua jambo hilo mwaka 1988. Nawakumbusha hilo wale wanaodhani kopo ni maendeleo na ziwa la mama ni ushamba.

Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha Kanuni ya Kimataifa ya Uuzaji wa Vibadala vya Maziwa ya Mama tarehe 21 Mei 1981, Marekani peke yake ikipiga kura ya hapana. Kanuni hiyo haiwi sheria mpaka nchi iitungie sheria. Uganda ilitunga kanuni zake 1997, Tanzania 1994 na kuziandika upya 2013, Kenya ikapitisha sheria kamili 2012. Kongo nayo ina agizo la wizara (arrêté), na PRONANUT huhimiza mtoto anyonye tu miezi sita ya kwanza. Utafiti wa kitaifa wa 2017-2018 ulionyesha kwamba zaidi kidogo ya nusu ya watoto wa umri huo hunyonya tu. Wengi wa waliobaki hawapewi maziwa ya kopo, hupewa maji na uji. Lakini wapo ambao kopo ni uhai wao: yatima wa uzazi, mtoto wa mama aliyelazwa mahututi, pacha watatu, mtoto aliyeokotwa. Mtoto wa miezi mitatu anayetegemea kopo humaliza gramu 400 kwa siku tatu au nne. Hao ndio tunaoidai serikali kwa niaba yao, na wao hawana chaguo la kusema basi.

Kwa sababu hiyo ombi langu kwa OCC Tshopo na Divisheni ya Afya ni dogo kwa makusudi. Fungueni daftari la loti, bila ada. Kila tangazo la kuondoa maziwa sokoni libandikwe siku hiyo kwenye mbao za Soko Kuu, maduka ya dawa na vituo vya afya, na lisomwe Radio Okapi na redio za mji kwa Kiswahili na Kilingala, namba kwa namba. Pigeni marufuku kuchota maziwa ya watoto wachanga kutoka kopo lililofunguliwa. Maabara ije baadaye, na ikija ipewe kazi inayoiweza: kupima maji ya visima, na kupima mizigo mikubwa inayoshuka bandarini.

Na wewe unayemlisha mtoto kwa kopo: usinunue unga wa fundo la plastiki. Kabla ya kulipa geuza kopo, ukikuta namba imefutwa au imekwanguliwa, liache. Piga picha ya chini yake kwa simu, au nakili loti kwenye kadi ya kliniki ya mtoto pamoja na jina la duka. Maziwa yakiisha, kopo usilitupe wala kulifanya kipimo cha mchele mpaka zipite wiki mbili. Mtoto akiharisha, akitapika au akipata homa, nenda nalo kituo cha afya na umwambie muuguzi aiandike namba ile kwenye faili.